Kaniki Juu ya Kompyuta

Mara ya kwanza kuambiwa kwamba maziwa yangu yanapunguza kasi ya kompyuta, nilidhani nataniwa. Aliyesema ni kijana mmoja mchimbaji, mwenye mdomo, mzuri wa kushangilia na mbovu wa kufungwa. Siku hiyo alikuwa amefungwa mabao vibaya, na mtu aliyefungwa lazima atafute pa kuitupa aibu. Akaitupa kifuani kwangu. Mwanangu alikuwa ananyonya, kitovu kimedondoka juzijuzi tu, nami nimekaa kwenye kiti changu cha siku zote pembeni ya mashine. Kijana akaiweka chini pedi ya kuchezea, akasema gemu imeanza kunata tangu nirudi na mtoto, na kila mtu anajua kwa nini.

Nikacheka. Nikageuka niwaone wenzake wakicheka. Hawakucheka.

Kule duarani, yaani kwenye mashimo ya dhahabu, wana sheria zao. Mwanamke hasogelei mdomo wa shimo. Mwenye uzazi mbichi ndiyo kabisa. Wanasema dhahabu ikisikia harufu ya maziwa inazama, mtachimba mpaka mchoke na mtatoka na udongo. Sikuwahi kubishana na sheria hiyo kwa sababu sikuwa na shida ya kushuka shimoni. Huko ni kwao. Lakini banda la gemu pale Runzewe halikuwa shimo. Lilikuwa fremu moja ya bati, kompyuta moja, televisheni ukutani, pedi mbili na mabenchi, na aliyekuwa akiliendesha ni mimi.

Fremu ni ya shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Yeye kazi yake hasa ni karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na ana kauli ya wenye karasha wote: mashine ikiwaka usiiache njaa, ilishe. Kompyuta aliinunua mume wangu Mwanza, ya mtumba, kabla hajaenda machimbo ya mbali upande wa Geita, ambako simu inashika mtu akipanda kilima. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikakosa pa kwenda, nikapata hapo. Asubuhi nawawekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Mchana wachimbaji wanakuja kucheza mpira kwenye televisheni. Nilipokaribia kujifungua nilikwenda kwa mama yangu Ushirombo, shemeji akashika banda mwenyewe. Niliporudi na mtoto, mashine ilikuwa mgonjwa.

Ilikuwa mgonjwa kweli, hilo silikatai. Feni inalia kama pikipiki inayopanda mlima na mzigo. Mchezaji anabonyeza kupiga, mpira unafikiria kwanza. Kipa anaruka bao likishaingia. Mara picha inaganda, ikija kuachia mpira uko kwingine na watu wameshashikana mashati.

Shemeji alikuja jioni ile, akasikiliza malalamiko ya wachimbaji kwa heshima ambayo hajawahi kunipa mimi. Mimi nilisimama mlangoni na mtoto, nikasema shemeji, kompyuta ina ugonjwa wake, niache niiangalie. Akasema atafikiria. Kufikiria kwake kulikuwa hivi: kesho yake nilifungua banda nikaikuta kompyuta imevalishwa kaniki. Kaniki nyeusi, ile ya mambo ya asili, imezungushwa mashine yote, imefungwa mafundo kwa nyuma, na kwenye fundo moja kumening'inizwa kifurushi kidogo kinachonuka mizizi. Alikuwa amemleta mtu wa kutengeneza mambo wakati mimi nimelala. Akaniambia nisiguse.

Halafu akatoa hukumu. Jumapili baada ya misa vikundi viwili vya wachimbaji, vya maduara mawili jirani, vilikuwa na mechi yao kubwa, na watu wangejaa mpaka nje. Mashine ikinata Jumapili, Jumatatu mimi na mwanangu tunapanda basi kwenda Didia kwa mama mkwe, nikalime mpunga mpaka mume wangu atakapotoka machimbo. Bandani atakaa mdogo wa mke wake. Alilisema hilo la mwisho haraka, kama mtu anayemeza dawa, nami nikajua hapo ndipo ulipokuwa uzito wa maneno yote.

Sidharau jembe. Nimelishika tangu mikono haijalitosha. Lakini najua Didia ikishakupokea na mtoto mgongoni haikurudishi. Mume atatoka machimbo, ataambiwa mke wako anamsaidia mama, atasema basi vizuri, na mimi nitakuwa nimeisha. Kile kiti pembeni ya kompyuta ndicho kitu pekee maishani mwangu ambacho watu walinifuata wao kuniuliza, sikuwafuata mimi kuwaomba.

Nilimpigia mume wangu mpaka akapatikana. Nikamweleza yote, na kaniki. Upepo wa kilimani ukapuliza kwenye simu, kisha akasema nivumilie, kaka ndiye mkubwa. Nikamkatia. Sijawahi kumkatia simu mume wangu kabla ya hapo, na nisijisingizie, ilinipa raha.

Basi nikaanza. Asubuhi wateja wa nyimbo ni wachache, mtoto akishiba analala kwenye boksi la televisheni nililolitandikia kanga, na mimi naibana ile mashine. Jambo la kwanza nililofanya ni lile ambalo kila mtu angefanya: nikapunguza uzuri wa picha. Niliona wachezaji wamekuwa kama wamechorwa kwa mkaa, nikasema sasa itapumua. Haikupumua. Feni ndiyo kwanza ikazidi kulia. Nikakaa nikaitazama kwa hasira kama ninavyomtazama mtu aliyenidanganya usoni.

Nikaingia kwenye simu, nikasoma. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, kinachechemea, lakini kinafika. Nikaelewa kwamba ndani ya kompyuta kuna anayechora na kuna anayefikiria. Kuchora kuna kifaa chake. Kufikiria ni kazi ya prosesa: mpira uende wapi, beki akimbie vipi, refa apulize saa ngapi. Nilikuwa nimempunguzia mzigo mchoraji, ambaye hakuwa na shida. Tena mchoraji akiwa mwepesi anamdai mwenzake zaidi, leta, leta, leta, na yule anayefikiria ndiye alikuwa anakata roho.

Nikafungua lile dirisha linaloonyesha kazi zote zinazoendelea na kila moja inakula kiasi gani cha prosesa. Hata gemu ilikuwa sijaiwasha. Nikaona prosesa imeshaliwa karibu nusu.

Nilisimama. Nilikaa. Nilimwamsha mtoto bila sababu, nikambembeleza tena. Maana niliona kila kitu pale. Programu ya kubadilisha filamu ziingie kwenye simu, inafanya kazi chinichini. Programu ya nyimbo, iko wazi. Nyingine ya kushusha mafaili, nyingine ya video za harusi ambayo hakuna mtu aliyeifunga tangu harusi yenyewe. Zote zimepangwa ziwake zenyewe kompyuta ikiwaka. Shemeji alikuwa ameiendesha kompyuta kama karasha. Mashine ikiwaka usiiache njaa. Alikuwa anailisha mawe kutoka pande zote, halafu wanakaa watu wawili na pedi wanataka iwachezeshe mpira. Na lawama imekuja kwenye titi langu.

Jioni alipopita nilimwambia. Nilimwambia taratibu, kwa heshima, na sauti yangu ikanisaliti katikati. Alinisikiliza akiangalia barabarani. Akasema hizo programu zilikuwepo hata mimi nilipokuwa Ushirombo na hakuna aliyelalamika. Nikasema walilalamika, shemeji, niliambiwa. Akauliza niliambiwa na nani. Sikumtaja, maana aliyeniambia ni mke wake, na sikutaka kumchomea nyumba.

"Shemeji," akasema, "wewe umesoma, sawa. Lakini kitu kikishafungwa dawa hakiendi kwa kusoma."

Nilimjibu moyoni maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, padri akiyasoma atanitafuta.

Niliendelea. Zile programu nilizifunga zote, nikazizuia zisiwake zenyewe. Nikaiwasha gemu, ikawa afadhali, lakini prosesa bado ikipanda mpaka juu kabisa. Nikasoma tena. Nikagundua gemu ilikuwa imeachiwa itoe picha nyingi kwa sekunde kadiri inavyoweza, bila kikomo, kama ng'ombe walioachiwa kwenye shamba la mtu. Jicho la mchimbaji aliyechoka halihitaji zote hizo. Nikaiwekea kikomo, thelathini kwa sekunde, basi. Na feni, siongopi, feni ikashusha sauti nikamsikia mwanangu anapumua.

Kisha nikawafukuza watazamaji. Kwenye gemu kuna uwanja umejaa watu wanaoruka na kupeperusha bendera, na kila mmoja wao prosesa inamfikiria. Nikawapunguza mpaka wakabaki wachache, kisha wakaisha. Wachezaji wawili waliokuja kujaribu siku ile waliona viti vitupu wakashangaa. Mmoja akauliza mayu, yaani mama, watu wameenda wapi, leo tunacheza msibani? Nikawaambia watazamaji ni ninyi wenyewe kwenye benchi, pigeni kelele. Wakapiga. Gemu ikaenda laini, pasi inatoka kidole kikibonyeza.

Lakini haikudumu. Baada ya muda, joto la mchana likipanda, ikaanza tena kunata. Nikapeleka mkono nyuma ya mashine, juu ya kaniki. Moto. Moto wa kuchomea muhogo. Hapo sikuhitaji kusoma. Mashine ina matundu ya kutolea joto, na matundu yote yamefungwa kitambaa kizito, fundo la dawa limekaa mbele ya feni kabisa. Prosesa ikipata joto kupita kiasi inajipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Dawa ya kuongeza kasi ndiyo iliyokuwa inaipunguza.

Utaniuliza kwa nini sikuifungua palepale. Niliogopa. Nimebatizwa, nimepata kipaimara, na mkono wangu ulifika kwenye lile fundo ukarudi. Ningekuwa peke yangu pengine ningelikata. Lakini mtoto alikuwa palepale kwenye boksi, mdogo, hana hata nyusi, na mtu anaweza kuwa na akili zote za dunia mpaka atazame kitu kidogo hivyo. Nikaiacha. Niliiacha na nikajichukia mpaka Jumapili.

Jumapili watu walijaa, wengine na nguo za misa, wengine na vumbi la duara nywele nzima. Shemeji alikuja na kofia yake, akamkalisha mdogo wa mke wake kwenye kiti changu. Ndiyo, mapema yote hiyo. Mimi akaniambia nikae nje na mtoto, kwa heshima ya wachezaji. Nilikaa mlangoni, mguu mmoja nje, mguu mmoja ndani, na hakuna aliyethubutu kuniambia kuhusu ule mguu wa ndani.

Mechi ilianza vizuri. Yule kijana mwenye mdomo ndiye alikuwa anachezea duara lao. Upande wa pili alicheza mzee mmoja mchimbaji, si mzee wa mvi, ila kule shimoni ukipita miaka arobaini unaitwa mzee. Mtu mpole, vidole vizito, lakini kwenye pedi ni hatari. Kipindi cha kwanza laini kabisa. Nikasikia shemeji anamwambia mtu, unaona, dawa imekubali. Nikamhamishia mtoto bega la pili.

Kipindi cha pili bati lilikuwa linawaka, pumzi za watu zimejaa, na feni ikaanza kulia. Niliisikia kabla yao. Mpira ukaanza kufikiria. Mzee akabonyeza kupiga golini, picha ikaganda, na ilipoachia mpira ulikuwa mikononi mwa kipa na mzee amesimama wima na pedi. Banda likachafuka. Kijana mwenye mdomo akageuka mpaka mlangoni, akaninyooshea kidole, mimi na mwanangu.

"Si huyo hapo? Mguu wake si uko ndani?"

Hasira yangu ilikuwa ya siku nyingi, ilikuwa imeiva. Niliingia. Walinipisha, wale watu wanaoshuka chini ya ardhi na kamba walirudi nyuma kumpisha mtoto mchanga. Nikafika kwenye mashine, mtoto mkono wa kushoto. Fundo halikufunguka kwa mkono mmoja, nikalivuta kwa meno. Lilikuwa chungu, nalikumbuka mpaka leo. Kaniki ikaachia. Nikamtupia shemeji mikononi.

"Shika dawa yako, shemeji. Mashine inataka hewa."

Mdogo wa mke wake alikuwa ameshatoka kwenye kiti, sikumwona akitoka. Nikakaa. Nikaigeuza mashine matundu yaelekee dirishani, nikaomba pampu ya baiskeli. Hakuna aliyesogea. Nikaomba tena kwa sauti ya mama anayeomba kitu mara ya pili, ikaletwa, tena na kijana mwenye mdomo mwenyewe. Nikapuliza matundu, likatoka vumbi jekundu kama tumefungua shimo jipya. Mtoto akapiga chafya. Mtu akacheka, akajizuia.

Nikawaambia tusubiri ipoe. Walisubiri wamesimama, wananitazama, nadhani wanangoja nianguke au mashine ilipuke. Mimi mwenyewe sehemu fulani ya mwili wangu ilikuwa inangoja. Feni ikashuka polepole. Nikawapa ishara, mzee akashika pedi, wakaendelea.

Ilikwenda. Ilikwenda mpaka mwisho, laini, na mimi niko pale pembeni, mtoto amedai titi lake katikati ya mechi nami nimempa mbele ya wote, bila kujifunika zaidi ya ninavyojifunika kanisani. Mzee akafunga bao, safari hii mpira uliondoka kidole chake kilipoamua. Aliposhinda hakushangilia. Alinigeukia akaniuliza nilichopunguza ni nini. Nikamweleza: programu za kando, picha kwa sekunde, watazamaji, joto. Nikamwambia karasha yenyewe ukiijaza mawe mpaka mdomoni haisagi, inasonga. Hilo alilielewa, nikaona lilivyomshuka. Akaniambia wabeja, mayu, asante ya Kisukuma, akawageukia wenzake akasema kama mama huyu anaondoka, wao watahamia banda la stendi.

Shemeji alikuwa bado ameikumbatia kaniki yake. Akasema dawa ilikuwa imeshafanya kazi, ilikuwa tayari ya kufunguliwa. Kijana mwenye mdomo akadakia kwamba ndiyo, huenda ilikuwa tayari. Nikasema basi tuirudishie, tucheze nyingine, tuone. Nikanyoosha mkono niichukue. Shemeji akairudisha nyuma ya mgongo.

Palepale, mbele ya watu, alitoa simu akampigia mama mkwe Didia. Sikujua anataka kusema nini na nilikuwa nimeshajiandaa kupiga kelele. Akamsalimia, akamuuliza mvua, akamuuliza ng'ombe. Kisha akasema lile la safari ya Jumatatu liahirishwe, mtoto bado mdogo sana kwa basi na vumbi.

Mtoto. Wiki nzima mtoto alikuwa mkubwa wa kutosha kuzuia kompyuta na kupanda basi, sasa amekuwa mdogo. Hakusema kwamba nimeitengeneza. Hakusema kiti ni changu. Nilisikia sauti ya mama mkwe, ya mbali, ikijibu kwamba sawa, basi atakuja akikua kidogo, mpunga utamsubiri.

Nikanyoosha mkono, na shemeji akanipa simu kabla hajafikiria.

"Shikamoo mama," nikasema. "Mtoto akikua pia sitakuja. Nina kazi huku."

Banda zima lilinisikia. Kwenye simu nilisikia kuku wa Didia. Kisha mama mkwe akajibu kile pekee alichoweza kukijibu.

"Marahaba."